Mtungi Mtupu

Mjini Wote,
Jumapili, 11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi chako cha alfajiri kimekuachilia. Sisi huku hatujambo. Ndinda ameng'oka meno mawili ya mbele na akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Lenox anakusalimu sana.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Juzi umenikatia, na mara ya kabla mimi ndiye niliyekukatia. Kwenye karatasi angalau mtu anafika mwisho wa maneno yake. Barua nimempa kondakta wa basi la usiku. Utaichukua Mwembe Tayari, pale ofisi ya vifurushi.

Baba, video nimeiona. Sikuitafuta, ilinifuata hadi ofisi ya walimu. Mwalimu mmoja aliinua simu yake akasema, "Njooni mwone mzee aliyerudi utotoni." Tukasogea. Naona mtu mwenye mvi yuko baharini na kaptula, amejifunga mgongoni mitungi miwili ya mafuta ya kupikia, anapiga maji kwa miguu, na watoto wamemzunguka wakiimba, "Babu, mateke! Babu, mateke!" Walimu walicheka. Nami nilicheka, Baba, nilicheka kweli, mpaka yule mzee alipogeuza uso.

Nikaenda kusimama nyuma ya choo cha walimu mpaka kengele ilipolia.

Sasa nisikilize. Watu wa kina Lenox wamekubali kuleta mbuzi wa ntheo tarehe kumi na sita Agosti. Wamekubali kuja huko huko Likoni, na mbuzi wao watatu watawanunua sokoni Mariakani. Wewe unaijua mila kuliko mimi. Bila mbuzi hao kuingia uani kwako, mimi si mke wa mtu. Nina miaka thelathini na sita, nina mtoto, ni naibu wa mwalimu mkuu, lakini kukiwa na msiba kwa kina Lenox napelekwa kuosha sahani pamoja na wasichana wa shule. Wanawake wa rika langu wanakaa mkekani na akina mama. Mimi naitwa "kale kasichana ka Lenox". Miaka minane, Baba, naosha sahani za watu.

Baba Mkubwa Fidel, ambaye ndiye mwenye sauti kwao tangu babake Lenox afariki, anachukia mzaha hata kanisani. Ile video ikimfikia, atauliza anaomba mke kwa nani. Nakuomba uache huo mchezo. Mtu wa umri wako ana mambo ya kufanya.

Mwanao,
Mama Ndinda


Likoni,
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mama Ndinda,

(Maana ndivyo ulivyotia sahihi, na mimi ni nani hata nikuite jina nililokupa mwenyewe?)

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo kabisa. Kikohozi kimekwisha, na kilichokimaliza ni maji ya chumvi, ingawa najua hutaki kulisikia hilo. Mwambie Ndinda meno yataota, acheke tu mdomo wazi.

Hiyo video nami nimeiona. Nilisikitika. Nikiwa majini huwa naona mateke yangu ni mazuri, kumbe ndivyo yalivyo!

Wacha nikueleze ilivyoanza, halafu ukasirike ukiwa umejua. Tangu mama yako atuache, na kazi ya mizani bandarini ikaisha, miguu yangu imekataa kutulia. Napanga viti sebuleni, napangua. Natoka kwenda kununua kiberiti, nafika dukani nakuta viberiti viwili mfukoni. Nikilala naamka, nikiamka sina pa kwenda. Nikawa natembea tu, kutoka kivukoni hadi Shelly Beach na kurudi, suruali ndefu na viatu vya kamba, kama mtu aliyepeleka barua akakosa mwenyewe.

Pale ufukweni, chini ya ukuta wa hoteli, kuna mama anakaanga viazi karai, Bi Mwanarehema. Ana mjukuu wake, Jalila, wa miaka tisa. Siku moja huyo Jalila akaniuliza, "Babu, mbona ukifika penye maji warudi nyuma?" Nikamwambia mimi ni mtu wa bara. Akasema, "Watokea bara leo?" Miaka yote hiyo nimevuka feri asubuhi na jioni nikiwa nimeshika chuma kwa mikono miwili, na bahari haijanipita vifundo vya miguu.

Basi akanifunza. Anafunza wenzake wote, bibi yake akiwa pale pale na karai lake, jicho kwa viazi na jicho kwetu. Jalila ni mkali kukupita wewe. Nikikosea ananirudisha mwanzo. Bibi yake naye ananikemea kutoka mchangani: "Mzee Erasto, wallahi hayo maji hayana ugomvi nawe, ni wewe wayapiga! Lala juu yake!" Lakini kulala ndiko kunakonishinda. Nikivua ile mitungi nazama kama nanga. Mwili wangu hauamini.

Wanasema nimerudi utotoni. Mwanangu, mtu hurudi mahali alipowahi kuwa. Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka kumi. Siku ya mazishi baba zangu wadogo waliniita nyuma ya nyumba, wakachukua manati yangu na ile pia niliyokuwa nazungusha, wakanivika koti la marehemu. Lilinifika magotini. Wakasema, "Kuanzia leo wewe ndiye mwenye boma." Tangu siku hiyo sijachezea kitu. Nimekuwa na miaka hamsini na saba ya utu uzima, na nimeuchoka.

Mbuzi waje, nitawapokea vizuri. Agosti ni mbali. Mtungi mmoja tayari unavuja, huenda mchezo ukaisha wenyewe.

Msalimu Lenox. Busu kwa Ndinda.

Baba yako,
Erastus


Wote,
Jumamosi, 7 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Sisi tuko salama, ila Lenox anaumwa na mgongo, anaenda kazini amejikunja. Mvua zimekatika mapema na mahindi yamesimama njiani.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Nikairudia jana, na jana ndipo iliponichoma.

Nimekuhurumia kwa lile koti, kweli. Sikuwahi kulisikia. Lakini uliandika kwamba huyo Jalila ana miaka tisa, ukaandika kwa raha, eti mkali, eti anafunza wenzake. Baba, unakumbuka mimi nilipokuwa na miaka tisa?

Nakukumbusha. Mama alikuwa amelala na mgongo, mwaka mzima. Wewe ulikuwa unavuka feri kabla jua halijatoka. Nilikuwa naamka napika uji, namgeuza Mama, namfulia nguo, kisha naenda kupanga foleni ya maji pale kioskini na mitungi miwili. Lita ishirini, Baba, si hii yako ya mafuta. Mmoja kichwani na mmoja mkononi, na shingo yangu imelala upande kama ya kuku. Kwenye kichochoro wenzangu walikuwa wanacheza mpira wa kati. Nilikuwa napita katikati yao, mpira unasimamishwa, "Mwacheni Mwende apite na maji," halafu unaendelea nyuma yangu. Hiyo sauti ya mpira nyuma yangu ninayo mpaka leo.

Na wewe ukirudi jioni ulikuwa unawaambia majirani, "Huyu wangu ni mtu mzima kabisa." Ulijivuna. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nasubiri mtu aseme, haya Mwende, tua, nenda ukacheze, nawe hukusema.

Sasa mtungi ule ule ulionipinda shingo, wewe umeufunga mgongoni unaelea nao. Nifurahi vipi?

Sijali watu wanasema nini kuliko ninavyojali hili: nilikuwa mtu mzima wakati sikutakiwa kuwa, na sasa ninapotaka kuwa mtu mzima mbele za watu, wewe umeamua kuwa mtoto. Nimekuomba kitu kimoja tu maishani. Niahidi kwamba hutaingia majini mpaka mbuzi wapokelewe. Baada ya hapo ogelea mpaka Zanzibar ukitaka.

Mama Ndinda


Likoni,
Alhamisi, 19 Juni 2025

Mwanangu Mwende,

Marahaba. Mwambie Lenox ajaribu mafuta ya nazi ya moto, akandwe na mtu mwenye mikono, si wewe, wewe una haraka.

Nimesoma. Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu kila nilipochukua kalamu niliona huna ulipokosea. Nilidhani ninakusifu. Sina zaidi la kusema ambalo halitakuwa la kujitetea.

Nakuahidi. Mpaka mbuzi wapokelewe, sitaingia majini. Mitungi nimeitupa stoo, nikairundikia makuti ili nisiione.

Nilikwenda kumwambia mwalimu wangu. Nilivaa suruali ndefu na shati la mikono. Jalila aliniangalia akauliza, "Nani amekukataza?" Nikasema binti yangu. Akafikiri, akasema, "Haya. Mamangu pia hukataza." Akakimbilia majini. Bi Mwanarehema akanipa viazi viwili, akakataa pesa, akasema, "Mwana akisema, sikiza. Bahari haiendi mahali."

Haiendi mahali, ni kweli. Mimi ndiye ninayekwenda. Asubuhi nafika mpaka ukutani, nashika ukuta, narudi. Jioni vile vile. Mikono ikiwa kitandani inapiga maji yenyewe. Nimepaka chokaa nyumba yote kwa ajili ya wageni, nimepaka hata kibanda cha kuku, na bado mchana haujaisha.

Usiwe na wasiwasi. Nimeahidi.

Baba yako


Wote,
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Baba,

Sikuulizi hali. Nilikuona juzi na ulikuwa mzima wa afya.

Naandika ili uwe umeandikiwa, usije ukasema hukujua ulichofanya, maana nilipotoka kwako Jumamosi sikuweza kufungua mdomo.

Uliondoka alfajiri. Ulisema unakwenda kuagiza barafu ya soda. Wageni walitarajiwa adhuhuri, lakini feri haikuwa na foleni, wakaingia saa nne. Wazee tisa na akina mama wao, pikapu na mbuzi watatu. Niliwakaribisha. Nilisema Baba amefuata barafu. Yule beberu mkubwa aliyehasiwa alifungwa kwenye nguzo ya tangi pamoja na wenzake, wakingoja wewe mwenyewe ushike kamba, kama ukoo wao unavyofanya. Baba Mkubwa Fidel akakaa kwenye kiti chako. Saa tano. Saa sita kasorobo. Lenox alikuwa anatoka nje na kurudi, mimi namimina chai katika vikombe vilivyojaa.

Ndipo ukaingia. Kaptula imekuganda mapajani, maji yanakuchuruzika, mchanga masikioni, mitungi miwili mkononi. Hukumwona mtu. Uliniona mimi peke yangu mlangoni, ukapaaza sauti mpaka kuku wakaruka: "Mwende! Nimeelea! Bila mitungi, Mwende, nimeelea!"

Sijawahi kuuona uso wako vile. Kama ningekuwa peke yangu sijui ningefanya nini. Lakini sikuwa peke yangu.

Baba Mkubwa Fidel aliinuka taratibu, akavaa kofia. Alisema, "Tulikuja kuomba msichana kwa mzee. Hatukuja kumwomba kwa mtoto mwenzake." Akaagiza mbuzi wafunguliwe. Yule beberu akagoma kupanda gari, wanaume wanne wakambeba miguu juu, naye akawakojolea. Ndinda akaangua kicheko. Nikamzaba kofi mbele ya watu wote.

Sijawahi kumpiga mtoto wangu. Nimempiga kwa kucheka.

Uliniahidi, Baba. Usiniandikie.

Mwende


Likoni,
Jumanne, 26 Agosti 2025

Mwanangu Mwende,

Salaam. Najua umesema nisikuandikie. Naandika hii moja.

Nilikuwa nimeahidi na nimevunja. Siku ile nilikwenda kweli kuagiza barafu. Mwenye barafu alikuwa hajafungua. Nilikuwa sijalala kwa ajili ya wageni, nikasema niende niloweshe miguu tu nitulie. Nilipita nyumbani kwa uani nikachukua mitungi, sijui kwa nini, miguu tu haihitaji mitungi. Maji yalikuwa yamejaa, hayana hata wimbi. Ile mitungi ikanifunguka mgongoni, kamba ilikuwa imeoza. Nikajua nazama. Halafu sikuzama. Nilikuwa nimelala chali, masikio yamo majini, sisikii kitu, na mwili wangu wote ulikuwa umetulia. Mara ya kwanza tangu mama yako aondoke. Sikujua muda unapita.

Nilipotoka kitu cha kwanza nilichokiwaza ni kwamba nikuambie wewe. Sikumbuki kama niliwaza wageni. Hilo ndilo kosa langu na sina pa kulificha.

Mitungi nimeikata, nimepandia sukuma wiki. Sitarudi majini. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi Mzee Fidel.

Mpe Ndinda pole ya shavu.

Baba yako,
Erastus


Likoni,
Jumanne, 30 Septemba 2025

Kwa Mwende,

Salaam nyingi. Natumai wewe na familia hamjambo. Mimi sijambo.

Nakuarifu kwamba nilisafiri hadi kwa Mzee Fidel nikamwomba radhi. Alinipokea. Alisema atafuatilia mwenendo wangu kwa miezi michache ndipo wazee wakae. Nimeona ni haki.

Nimenunua koti. Nalivaa nikitoka nje, hata kwa joto hili. Watu wameanza kunisalimu vizuri.

Huku hakuna jipya.

Mzazi wako,
E. Muli


Likoni,
Jumanne, 4 Novemba 2025

Kwa Mwende,

Salaam. Mimi sijambo, kikohozi kidogo tu.

Mzee Fidel alituma mtu akaulizia mtaani. Ameridhika. Ntheo italetwa Jumamosi tarehe 27 Desemba. Nitakuwa nyumbani tangu asubuhi. Sitatoka.

Sitembei tena. Nakaa barazani. Nimetulia.

Mzazi wako,
E. Muli


Wote,
Jumapili, 16 Novemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo mara tatu, kwa zile barua mbili za mwanzo ambazo sikuzijibu na hii ya mwisho. Hicho kikohozi kimerudi lini? Unakunywa dawa? Lenox mgongo umepona, mafuta ya nazi yamefanya kazi, na ni kweli si mimi niliyemkanda.

Barua yako ya Novemba nilipoisoma nilifurahi. Nakuambia ukweli, niliruka jikoni. Tarehe imepatikana, Baba ametulia, mambo yamekaa sawa. Nikamsomea Lenox. Lenox akauliza, "Hii ameandika nani?" Nikamwambia ni mwandiko wa Baba. Akasema, "Mwandiko, ndiyo." Akaenda zake kulala.

Nikazitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Ile ya Mei uliandika kurasa mbili, na kiberiti, na nanga, na mateke. Hii ya sasa imeingia kwenye kiganja changu. Inasomeka kama tangazo la chifu. Kurasa zimepungua, maneno yamepungua, mpaka jina lako umelikata ukabakiza herufi moja. Nikakuona barazani na hilo koti, kwa joto la Likoni, miguu imewekwa pamoja. Nikaogopa. Sikuwahi kuogopa namna hiyo hata siku ulipoingia na mchanga masikioni.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Ni Ndinda.

Tangu lile kofi hajacheka kwa sauti. Sikuliona, Baba. Mimi niliona mtoto ametengenea. Anatandika kitanda, anaosha vikombe, haombi kwenda nje. Meno yake mapya yametoka na sijayaona vizuri kwa sababu bado anaziba mdomo. Jumatano maji yalikatika hapa mtaani. Nilikuwa nimesimama mlangoni naongea na jirani, nikamwona anakuja kutoka kioskini. Hakuna aliyemtuma. Amebeba mtungi wa lita kumi, mikono miwili, anajikokota, na shingo yake imelala upande.

Nawe unajua nilisema nini? Nilimgeukia jirani nikamwambia, "Huyu wangu ni mtu mzima kabisa."

Nililisikia likitoka mdomoni mwangu, kwa sauti yako, na kwa majivuno yako yale yale. Jirani akacheka akasema nimebarikiwa. Nikamwacha amesimama. Nilikwenda nikamtua Ndinda ule mtungi, nikaumwaga wote pale barabarani, na maji yenyewe hakuna, watu wakanitazama wakajua nimepata wazimu. Nikamwambia, "Nenda ukacheze." Akaniuliza, "Nicheze nini?" Baba, hakujua aanze wapi. Nami sikuwa na la kumwonyesha. Tukabaki tumesimama wawili kwenye tope, mama na mtoto, hakuna anayejua kucheza.

Tangu Jumatano silali. Natembea ndani ya nyumba, napanga viti, napangua. Sasa nimejua ulikuwa unasema nini.

Kuhusu Baba Mkubwa Fidel. Nimemfuata mwenyewe jana, na Lenox akiwa nyuma yangu. Nikamwambia kwa heshima zote: tarehe ishirini na saba waje, wanakaribishwa, lakini asubuhi baba yangu atakuwa baharini. Atarudi akimaliza. Viti vipo, chai ipo, mwenye kungoja atangoja. Aliuliza kama najua ninachokichezea. Nikasema ndiyo, ninakijua, nimekioshea sahani kwa miaka minane. Huenda wakaja, huenda wasije. Nimelia njia nzima nikirudi, sikudanganyi, niliwataka wale mbuzi. Bado nawataka. Lakini wakikataa nitabaki kuwa msichana wa Erastus, na kuna mabaya kuliko hilo.

Sasa fanya hivi. Hilo koti lining'inize kwenye mlango, usilivae, si lako hilo, wala la kwanza halikuwa lako. Kesho asubuhi teremka mpaka kwa Bi Mwanarehema ule viazi vyenye ukwaju, umwambie binti yako ameondoa marufuku. Kisha mwulize Jalila, kwa adabu, kama anapokea wanafunzi wapya. Mmoja ana miaka saba. Mwingine ana thelathini na sita, ni mzito, ni mwoga wa maji, na ana tabia ya kusahihisha watu.

Tutafika Likoni Jumamosi, tarehe sita Desemba, kwa basi la usiku. Usitungoje kivukoni na koti.

Sukuma wiki zihamishie kwenye karai. Najua mitungi uliikata, basi nenda dukani unitafutie mwingine. Niufunge vipi utanionyesha wewe. Ila, Baba, nakuomba, safari hii uwe mtupu.

Mtoto wako,
Mwende